Kidonge kimoja, dawa mbili: mwongozo kamili wa kutumia kwa usalama dawa ya mzio iliyochanganywa na ya kuzibua pua

Geuza boksi la dawa yako ya mzio usome upande wenye maandishi madogo. Ukikuta majina mawili ya viambato badala ya moja, ujue kidonge hicho kimebeba dawa mbili zenye tabia tofauti kabisa. Ya kwanza ni antihistamini. Hiyo hutuliza kuwashwa, chafya na makamasi mepesi yanayochuruzika. Ya pili ni ya kuzibua pua, na hiyo husisimua: hubana mishipa ya damu ili pua ifunguke, na papo hapo huweza kupandisha presha, kuupeleka moyo mbio na kukufukuzia usingizi.

Wengi humeza zote mbili wakidhani wamemeza "dawa ya mafua" tu, na wengi wao hawapati shida. Wanaopata shida nzito, mara nyingi imetoka kwenye ile ya pili ambayo hawakujua kama imo. Ndiyo sababu katika mwongozo huu wote nitarudi kwenye jambo moja: nusu ya kuzibua pua ndiyo inayoamua nani ameze, ameze saa ngapi, na aache lini.

Kila nusu inafanya nini mwilini

Mzio, au aleji kama tunavyozoea kuuita, ni mwili kupigana na kitu kisicho adui: vumbi la godoro, chavua, manyoya ya paka, kuvu wa ukutani. Kitu hicho kikigusa utando wa pua au wa macho, seli za kinga zilizomo humo humwaga kemikali iitwayo histamini. Histamini huenda kukalia vipokezi vyake, vinavyojulikana kama H1, na hapo ndipo pua huanza kuwasha, chafya hufuatana na macho hutoa machozi. Antihistamini huwahi viti hivyo, histamini ikija ikute pamejaa. Daniel Bovet, mmoja wa waliotengeneza dawa za mwanzo za aina hii, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1957 kwa kazi iliyozihusu pia. Kwa kuwa kazi yake ni kuwahi kiti, antihistamini humfaa zaidi aliyeimeza kabla ya kukutana na kinachomdhuru kuliko aliyengoja mpaka chafya zimemshinda.

Pua kuziba ni habari nyingine. Watu hudhani imezibwa na makamasi, kwa hiyo hupenga na kupenga mpaka ngozi inachubuka, na bado hewa haipiti. Kinachoziba hasa ni utando wenyewe: mishipa midogo ya damu iliyomo ndani yake imetanuka na kujaa, utando umevimba, njia imekuwa nyembamba. Antihistamini peke yake haifanyi mengi hapo. Inahitajika dawa ya kuibana mishipa hiyo, nayo ni ya kuzibua pua.

Sasa fikiria njia inayopitia dawa hiyo ukiimeza. Inaingia tumboni, inachukuliwa na damu, inasambazwa mwili mzima. Haina namna ya kujua pua iko wapi. Itabana mishipa ya pua, na itagusa pia mishipa ya moyo, ya ubongo, ya figo na ya macho. Tahadhari nyingi utakazosoma hapa chini zinatokana na jambo hilo.

Hatua ya 1: Jiulize kama unazihitaji zote mbili

Kama unachosumbuka nacho ni kuwashwa, chafya na kamasi jepesi, antihistamini peke yake inatosha. Kumeza ya mchanganyiko katika hali hiyo ni kubeba madhara ya nusu ya pili bila faida yake. Nitasema wazi maoni yangu: watu wengi wanaonunua mchanganyiko hawakuuhitaji.

Mchanganyiko una maana pale dalili hizo zinapoungana na pua iliyoziba kiasi cha kukuharibia kazi au usingizi, na kwa siku chache tu. Pua iliyoziba kwa majuma mengi, au inayoziba kila msimu, inahitaji matibabu mengine ambayo nitayaeleza mwishoni.

Kuna dalili ambazo si za mzio wa kawaida wa pua. Homa, maumivu ya uso upande mmoja, kamasi zito la rangi au lenye harufu mbaya, yote hayo yanataka uchunguzi. Kifua kikibana au pumzi ikitoa mluzi, huenda ni pumu, na hapo kidonge cha pua hakitibu kilicho hatari. Na kama midomo au ulimi unavimba, sauti inakwama, vipele vinatapakaa mwilini na kichwa kinakuwa chepesi kama unataka kuzimia, hiyo ni dharura. Inahitaji sindano ya adrenalini na hospitali mara moja. Usimeze kidonge cha mzio ukakaa kusubiri uone.

Hatua ya 2: Soma majina ya viambato

Jina kubwa lililo mbele ya boksi ni la biashara na halikuambii mengi. Majina unayoyatafuta huandikwa kwa tahajia ya kimataifa, na yanafanana karibu kila nchi.

Upande wa antihistamini kuna vizazi viwili. Kizazi cha zamani kina chlorpheniramine, diphenhydramine, brompheniramine, triprolidine na promethazine. Hizi huingia kwenye ubongo, kwa hiyo huleta usingizi, hukausha kinywa na hufanya choo kuwa kigumu. Kizazi kipya kina loratadine, cetirizine, fexofenadine na desloratadine. Usingizi wake ni mdogo au haupo, ingawa cetirizine huwasinzisha baadhi ya watu.

Upande wa kuzibua pua, majina makuu ni mawili, pseudoephedrine na phenylephrine. Kuanzia hapa nitayaandika kwa matamshi yetu: pseudoefedrini na fenilefrini.

Fenilefrini inataka maelezo ya ziada, maana imejaa kwenye dawa za mafua. Ukiimeza, sehemu kubwa yake huvunjwavunjwa kwenye utumbo na ini kabla haijafika kwenye damu ikiwa na nguvu. Mwezi Septemba 2023 jopo la washauri wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, lilipiga kura 16 kwa 0 kwamba fenilefrini ya kumeza, kwa dozi inayouzwa bila cheti cha daktari, haifanyi kazi ya kuzibua pua. Novemba 2024 FDA ikapendekeza iondolewe kwenye orodha ya viambato vinavyoruhusiwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo ukimeza kidonge chenye fenilefrini na pua ikabaki vilevile, usiongeze kidonge cha pili ukidhani dozi ilikuwa ndogo.

Pseudoefedrini inafanya kazi. Tatizo ni kwamba wahalifu huigeuza kuwa methamfetamini, dawa ya kulevya, na kwa sababu hiyo nchi nyingi huiweka nyuma ya kaunta, huomba kitambulisho au huweka kikomo cha kiasi unachoweza kununua. Usione umedharauliwa ukiulizwa maswali. Nchi nyingine huzuia kabisa kuingia na dawa zenye kiambato hiki, hivyo msafiri aulizie kabla ya kufunga mizigo.

Jina la tatu la kukumbuka ni phenylpropanolamine. FDA iliomba iondolewe sokoni mwaka 2000 baada ya kuhusishwa na kiharusi cha kuvuja damu kwenye ubongo. Ukilikuta kwenye boksi, lirudishe.

Kisha angalia kama kuna jina la tatu au la nne ndani ya kidonge hichohicho. Dawa nyingi za mafua huongezewa parasetamoli, kafeini au dawa ya kikohozi. Parasetamoli ndiyo inayonitisha zaidi: mtu anameza dawa ya mafua yenye parasetamoli, kichwa kinauma, anaongeza vidonge viwili vya parasetamoli, usiku anakunywa kinywaji cha moto cha mafua chenye parasetamoli tena. Kwa mtu mzima mwenye afya kikomo ni gramu 4 kwa saa 24, na ini linaweza kuharibika kimyakimya kabla mtu hajajisikia vibaya. Hesabu ni hiyohiyo kwa antihistamini. Vidonge vya usingizi vinavyouzwa bila cheti mara nyingi ni diphenhydramine, kwa hiyo unaweza kuwa umemeza antihistamini mbili bila kujua.

Hatua ya 3: Jipime wewe mwenyewe kabla ya dawa

Hapa nakuomba usiruke mstari.

Presha. Kwa mtu mwenye afya, pseudoefedrini hupandisha presha kwa wastani mdogo sana, kama kipimo 1 tu cha milimita za zebaki. Lakini wastani huficha watu. Wapo wanaopanda sana, na aliyekuwa juu tayari hana nafasi ya kupanda tena. Mwaka 2024 mamlaka za dawa za Umoja wa Ulaya zilikamilisha mapitio yao na kusema pseudoefedrini isitumiwe na mwenye presha kali au isiyodhibitiwa, wala mwenye ugonjwa mkali wa figo. Sababu ilikuwa matukio machache lakini mazito ya mishipa ya ubongo kujibana au ubongo kuvimba. Kama presha yako imedhibitiwa kwa dawa, usijiamulie peke yako: muulize daktari au mfamasia. Kama hujapima presha miezi mingi, pima kwanza. Wengi wenye presha hawajui kuwa wanayo.

Moyo. Aliyewahi kupata shambulio la moyo, mwenye maumivu ya kifua akitembea, mwenye mapigo yasiyo na mpangilio, au aliyewahi kupata kiharusi, asiguse nusu ya pili.

Tezi dume na mkojo. Huu ni mtego mbaya, kwa sababu nusu zote mbili humshambulia mtu mmoja kwa pamoja. Antihistamini ya zamani hulegeza msuli wa kibofu unaosukuma mkojo nje. Dawa ya kuzibua pua hukaza mlango wa kibofu. Mzee ambaye tezi yake imekua na tayari anasimama chooni muda mrefu anaweza kumeza kidonge usiku, na alfajiri akashindwa kabisa kukojoa, tumbo likiwa limejaa na maumivu makali, mpaka awekewe mpira. Ukiwa na baba au babu mwenye dalili hizo, mchunguzie boksi lake la dawa ya mafua. Wazee wetu wengi wanaona haya kuitaja shida ya mkojo, basi muulize kwa staha, faraghani.

Presha ya macho. Kwenye aina ya glakoma ambayo njia ya maji ya jicho ni nyembamba, nusu zote mbili zinaweza kuifunga njia hiyo ghafla. Jicho kuuma sana, kuwa jekundu na kuona duara za rangi kuzunguka taa ni dharura ya siku hiyohiyo.

Kisukari, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, kifafa, ugonjwa wa figo au ini: haya yote yanataka ushauri kabla ya dozi ya kwanza. Figo zina uzito wa pekee, maana pseudoefedrini na cetirizine hutoka mwilini hasa kupitia mkojo. Figo zikichoka, dawa hubaki na kurundikana.

Umri. Kwa mtu wa miaka 65 na kuendelea, antihistamini za zamani huleta kuchanganyikiwa, kusahau, kufunga choo na kuanguka. Nyonga iliyovunjika ni gharama kubwa mno kwa ajili ya chafya. Mzee apewe ya kizazi kipya, na bila nusu ya pili kama inawezekana.

Ujauzito na kunyonyesha. Pseudoefedrini haishauriwi miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito, na miezi inayofuata isimezwe bila kauli ya daktari. Kwa mama anayenyonyesha, inaweza kupunguza maziwa, hata kwa dozi chache, na mtoto anaweza kuwa msumbufu. Loratadine au cetirizine peke yake ndiyo ambayo wataalamu huitazama kwanza kwa mama hawa.

Watoto. Vidonge vya mchanganyiko vinavyofanya kazi saa 12 au 24 ni vya kuanzia miaka 12. Dawa za maji za mafua zenye mchanganyiko zisipewe kabisa mtoto wa chini ya miaka 2. Nchi nyingine zimeweka mpaka miaka 4, nyingine miaka 6, na mimi naona mpaka wa 6 ndio wa kushika. Kamwe usikate kidonge cha mtu mzima ukakisia kipande cha mtoto. Na usimpe mtoto dawa ya mzio ili alale.

Hatua ya 4: Weka mezani dawa zako zote

Chukua dawa zote unazomeza, pamoja na za mitishamba na za kupunguza uzito, uziweke mbele ya mfamasia. Wengine hutaja za hospitali tu na kuacha nyingine, na hatari mara nyingi imo kwenye zile zilizoachwa.

Kundi moja halina majadiliano: dawa zinazozuia kimeng'enya cha MAO. Humo mna fenelzini na tranilsipromini za sonona, selegilini na rasagilini za ugonjwa wa Parkinson, pamoja na kiuavijasumu linezolidi chenye tabia kama hiyo. Zikikutana na pseudoefedrini, presha inaweza kuruka kwa kiwango cha kuua. Hata ukiacha dawa hizi za sonona na Parkinson, subiri siku 14 kabla ya kumeza mchanganyiko wowote wenye dawa ya kuzibua pua.

Zinazosinzisha, kama diazepamu, tramadoli, kodeini na pombe, huungana na antihistamini ya zamani na kukuzamisha kwenye usingizi mzito, pumzi ikipungua. Amitriptilini huongeza ukavu wa kinywa, mkojo kukwama na mapigo ya moyo. Dawa za kusisimua kama methilifenidati, na vinywaji vyenye kafeini nyingi, huongeza mtetemeko na wasiwasi. Dawa za presha zenyewe zinaweza kupungua nguvu.

Kuna mambo madogo ambayo vijikaratasi vya maelezo huyataja na watu huyapita. Fexofenadine inywewe kwa maji matupu, maana juisi ya chungwa, tufaha au balungi huizuia kunyonywa vizuri. Ukimeza dawa ya kiungulia yenye alumini na magnesiamu, ipe fexofenadine nafasi ya saa 2. Nayo magadi soda, ambayo wengine hunywa kwa kiungulia, hubadili mkojo na kuifanya pseudoefedrini ikae mwilini muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa.

Hatua ya 5: Dozi na saa

Fuata boksi lako, maana nguvu hutofautiana. Ili ujue kama unachosoma kina mantiki, hivi ndivyo dozi za kawaida za mtu mzima zilivyo. Pseudoefedrini ya kawaida ni miligramu 60 kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi miligramu 240 kwa saa 24. Chlorpheniramine ni miligramu 4 kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi 24 kwa siku. Kidonge cha mchanganyiko cha saa 12 huwa na pseudoefedrini miligramu 120 pamoja na loratadine 5, au cetirizine 5, au fexofenadine 60. Cha saa 24 huwa na pseudoefedrini 240 pamoja na loratadine 10 au fexofenadine 180, na humezwa kimoja tu kwa siku.

Hicho cha saa 12 au 24 kimetengenezwa kuachia dawa polepole. Ukikivunja, ukikitafuna au ukikisaga, dozi ya siku nzima itamwagika mwilini kwa mkupuo mmoja. Kimeze kizima na glasi ya maji. Ukishindwa kukimeza kizima, badilisha aina ya dawa. Na usishtuke ukiona kitu kama kidonge kwenye choo: baadhi ya aina huacha ganda tupu baada ya dawa kwisha kutoka.

Cha saa 24 kimeze asubuhi. Cha saa 12 kipange mapema, kwa mfano saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, ili usiku wa manane kiwe kinapungua. Ukikosa usingizi hata hivyo, acha kile cha jioni. Hakuna ubaya wowote kuruka dozi ya dawa hii. Ukisahau dozi, usimeze mbili kufidia.

Andika saa uliyomeza, hata kwenye boksi lenyewe. Mtu mwenye mafua usiku huamka, hakumbuki kama alimeza, anameza tena. Saa iliyoandikwa huondoa kubahatisha.

Siku ya kwanza, jaribu ukiwa huna safari

Dozi ya kwanza iwe siku usiyoendesha gari, pikipiki wala mashine. Antihistamini ya zamani hupunguza wepesi wa kufikiri hata pale mtu anapojiona yuko macho kabisa, na inaweza kubaki mpaka asubuhi inayofuata. Usiamini kwamba nusu inayosisimua itafuta usingizi wa nusu nyingine. Haifanyi hivyo. Mtu anaweza kuwa na moyo unaokimbia na akili iliyozubaa kwa wakati mmoja.

Kinywa kukauka, kukosa hamu ya kula na wasiwasi kidogo ni mambo ya kawaida. Kunywa maji. Mwenye kipimo cha presha nyumbani apime kabla ya dozi na tena saa 2 baadaye. Ukiona imepanda waziwazi, dawa hiyo si yako.

Acha papo hapo na uende hospitali ukipata kichwa kinachouma ghafla kwa nguvu usizowahi kuzijua, kuona ukungu au kupoteza uwezo wa kuona, maumivu ya kifua, udhaifu wa upande mmoja, degedege au kuchanganyikiwa. Ongeza hapo tumbo kuuma ghafla na kutoa damu kwa haja kubwa, kwa kuwa mishipa ya utumbo nayo inaweza kubanwa, na ngozi yenye homa na malengelenge madogo ya usaha yaliyotapakaa. Beba boksi la dawa uendapo. Daktari wa zamu ataokoa muda mwingi akiliona.

Wawili wengine wa kuonywa: mwanamichezo anayepimwa, kwani pseudoefedrini imepigwa marufuku wakati wa mashindano ikizidi mikrogramu 150 kwa mililita ya mkojo, na anayekwenda kupimwa mzio kwa ngozi, kwani antihistamini hufuta majibu na huachwa siku kadhaa kabla, kwa idadi atakayopewa na kliniki. Pia pseudoefedrini inaweza kufanya kipimo cha haraka cha mkojo kionyeshe amfetamini ambazo hukutumia, kwa hiyo mtaje dawa mapema anayekupima.

Hatua ya 6: Jua siku ya kuacha

Siku 7 ndiyo mipaka ya kujitibu mwenyewe kwa mchanganyiko huu. Pua ikifunguka siku ya pili, acha siku ya pili uendelee na antihistamini peke yake kwa muda wote ambao kinachokudhuru kipo. Hii ndiyo hatua inayosahaulika kuliko zote: watu huendelea na mchanganyiko msimu mzima kwa sababu tu boksi halijaisha.

Wengine wakiogopa kidonge hukimbilia dawa ya kupulizia yenye oksimetazolini au ksilometazolini. Hiyo hufungua pua kwa dakika chache, na haiendi sana mwilini. Lakini ikizidi siku 3 hivi, mishipa huzoea kubanwa, dawa ikiisha nguvu huvimba kuliko mwanzo, na mtu anapulizia tena. Wapo walioishi na kichupa mfukoni miaka. Usiitumie sambamba na kidonge chenye pseudoefedrini, kwani zote mbili zinabana mishipa.

Pua ikibaki imeziba baada ya kuacha

Hapa ndipo pa kumwomba daktari au mfamasia dawa ya kupulizia ya steroidi, kama flutikasoni, mometasoni au budesonidi. Kwa pua inayoziba mara kwa mara kwa mzio, hii ndiyo dawa bora, na inasikitisha kuona watu wakimeza vidonge miaka mingi bila kuwahi kuijaribu. Haifungui pua saa hiyohiyo. Huanza kuleta nafuu ndani ya siku chache na hufikia nguvu yake baada ya juma moja au mawili ya kutumiwa kila siku, ndiyo maana wengi huitupa mapema wakisema haifanyi kazi.

Namna ya kupulizia ni muhimu kama dawa yenyewe. Penga kwanza kwa upole. Inamisha kichwa mbele kidogo. Tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na wa kushoto kwa tundu la kulia, ili ncha ielekee upande wa sikio na si kwenye ukuta wa katikati. Ukuta huo ukipigwa dawa kila siku huchubuka na kutoa damu. Vuta pumzi taratibu tu. Ukivuta kwa nguvu, dawa yote itaishia kooni.

Dakika chache kabla ya hapo, safisha pua kwa maji ya chumvi ili dawa ikute utando mtupu. Robo hadi nusu kijiko cha chai cha chumvi isiyo na madini joto huyeyushwa kwenye mililita 240 za maji. Maji hayo yachemshwe dakika 3 hadi 5 na yaachwe yapoe yawe vuguvugu, au yawe yaliyotoneshwa. Maji ya bomba ambayo hayajachemshwa yasiingizwe puani hata kama ni salama kunywa, kwa sababu vijidudu ambavyo tumbo huviua vinaweza kupita puani hadi kwenye ubongo. Osha chupa kila baada ya kutumia, uiache wazi ikauke.